Bima ya afya kazini: unalipa kiasi gani, na unalipia wapi?

Tangu Oktoba 2024 kuna mstari mmoja kwenye hati za mshahara nchini Kenya unaozua maneno kila mwisho wa mwezi. Mfanyakazi hupitia mshahara, posho na kodi bila kushtuka, lakini akifika penye SHIF, makato ya bima ya afya ya serikali, anasimama. Mbona nakatwa hii ilhali kampuni tayari imenipa kadi ya bima? Mwajiri naye anatia kiasi gani? Mume wangu anakatwa, mimi nakatwa, na nyumba ni moja. Hii si kulipa mara mbili? Desemba 2025, walimu walipotolewa kwenye mpango wa matibabu uliokuwa chini ya wakala wa bima Minet wakahamishiwa SHA, maswali hayo yaliwaka upya, na majibu mengi yaliyosambaa yalichukua mambo matatu tofauti yakayachanganya yakawa kitu kimoja.

Makala haya yanayatenganisha. Kinachokatwa kwenye hati ya mshahara ni sehemu tu ya unachotoa kwa ajili ya matibabu ukiwa umeajiriwa. Sehemu nyingine hutoka kabla ya mshahara kukufikia, na nyingine hutoka mfukoni siku ya kuugua. Asiyezijua zote hawezi kujadiliana na mwajiri, na hawezi kutambua anapodhulumiwa.

Majina kwanza

SHA ni Mamlaka ya Afya ya Jamii, ofisi ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF, ile bima ya taifa ya hospitali tuliyoizoea. SHIF ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, yaani mfuko ambamo makato yako huingia. Kwa hiyo SHA ndiyo inayosimamia, na SHIF ndizo pesa. Vyote viwili vilizaliwa na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023, iliyopita mahakamani kwa misukosuko kabla ya makato kuanza rasmi tarehe 1 Oktoba 2024.

SHA inasimamia mifuko mitatu, na hapa ndipo wengi hupotea. Upo mfuko wa afya ya msingi, unaogharamia matibabu katika zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na 3. Huo hulipwa na kodi, na unachotakiwa ni kuwa umejisajili tu. Upo SHIF wenyewe, unaoshika matibabu ya hospitali za ngazi ya 4 hadi ya 6. Na upo wa tatu wa dharura, magonjwa sugu na magonjwa mahututi, unaoingia pale SHIF inapoishia, kwa mfano kwa mgonjwa wa saratani aliyemaliza kiwango chake cha mwaka. Makato ya mshahara wako yanakwenda kwenye huo wa katikati.

Kisha kuna bima ya kampuni, ile ya kadi yenye jina la shirika la bima la kibinafsi. Hiyo haitokani na sheria ya SHA. Ni mkataba kati ya mwajiri wako na shirika la bima, na mwajiri anaweza kuwa nayo au asiwe nayo. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 34, inamtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata dawa anapougua, na ikiwezekana tabibu akiugua sana, lakini haimlazimishi kununua bima ya kibinafsi.

Mshahara ghafi ni jumla ya malipo yako kabla ya makato yoyote: mshahara wa msingi pamoja na posho za nyumba, usafiri na nyinginezo unazolipwa kwa pesa taslimu. Shika neno hilo, maana hesabu yote ya SHIF inaanzia hapo.

Hesabu ya SHIF

Ni asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, na haipungui shilingi 300 kwa mwezi. Haina kikomo cha juu. Anayepata 30,000 anakatwa 825. Anayepata 100,000 anakatwa 2,750. Anayepata 500,000 anakatwa 13,750. Anayepata 10,000 asilimia yake ingekuwa 275, lakini kwa kuwa kiwango cha chini ni 300, anakatwa 300.

Chini ya NHIF mambo yalikuwa tofauti. Makato yalikwenda kwa ngazi, kuanzia 150 hadi 1,700, na ukishafika mshahara wa 100,000 ulikuwa umefika kileleni. Mkurugenzi wa nusu milioni alilipa 1,700 sawasawa na mhasibu wa laki moja. Ndiyo maana kelele kubwa zaidi dhidi ya SHIF zilitoka kwa wenye mishahara minono, na kelele hizo zikazaa imani kwamba kila mfanyakazi sasa analipa zaidi.

Imani hiyo si ya kweli, na inafaa kuichunguza kwa nambari. Mlinzi anayepata 15,000 alikuwa akikatwa 600 chini ya NHIF. Sasa anakatwa 412.50. Wa 20,000 alikatwa 750, sasa 550. Wa 30,000 alikatwa 900, sasa 825. Hao wote wamepunguziwa.

Wa 50,000 ndiye mfano wenye somo. Alikuwa akikatwa 1,200, sasa anakatwa 1,375. Kwa macho ameongezewa. Lakini kuna jambo lililobadilika tarehe 27 Desemba 2024, sheria ya marekebisho ya kodi ilipoanza kutumika: tangu siku hiyo mchango wa SHIF unaondolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Wakati wa NHIF ulikuwa unapata nafuu ya asilimia 15 ya mchango tu. Kwa hiyo mfanyakazi huyu, ambaye shilingi zake za mwisho zinatozwa kodi ya asilimia 30, anaokoa 412.50 za kodi kwa sababu ya ile 1,375. Uzito halisi unaombaki begani ni 962.50. Zamani, ukitoa nafuu ya 180, ulikuwa 1,020. Amepunguziwa kidogo, ingawa hati yake inaonyesha kinyume.

Kwa viwango vya kodi vya 2025, mizani inaanza kuinama upande wa pili karibu na 53,000. Kwa laki moja, uzito halisi umepanda kutoka 1,445 hadi 1,925. Kwa laki mbili umetoka 1,445 hiyo hiyo hadi 3,850. Kwa nusu milioni ni 9,625.

Naona uamuzi wa kuondoa kikomo una haki ndani yake, kwa sababu ugonjwa hauulizi mshahara, na huduma za SHIF ni zile zile kwa kila aliyechangia. Anayelipa 300 na anayelipa 13,750 wana orodha moja ya matibabu. Hilo nalo huwachoma baadhi ya watu, wakidhani aliyelipa zaidi anastahili chumba bora. Mfuko huu haukuundwa hivyo. Aliye mzima anamlipia mgonjwa, mwenye nacho anamlipia asiye nacho, na pesa usizotumia hazirudi kwako wala hazihesabiwi kama akiba. Anayetaka akiba ana NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na hata hiyo ni ya uzeeni.

Mwajiri anaongeza ngapi?

Kwenye SHIF, haongezi hata ndururu. Hili ndilo kosa ninalolisikia zaidi, na chanzo chake kinaeleweka. Kwenye hati ile ile ya mshahara kuna NSSF, ambako mwajiri hulipa sawa na unachokatwa. Kuna ada ya nyumba, asilimia 1.5 kwako na asilimia 1.5 kwa mwajiri. Basi mtu akiona SHIF imepangwa mstari mmoja na hizo, anachukulia kwamba na yenyewe ni nusu kwa nusu.

Kazi ya mwajiri kwenye SHIF ni ya kondakta wa matatu: anakusanya nauli na kuifikisha inakotakiwa. Hakuna abiria anayeshuka akisema kondakta amemchangia safari. Akichelewesha pesa hizo, au akizila, kosa ni lake kwa sababu hazikuwa zake tangu mwanzo.

Majirani wamechagua njia nyingine. Tanzania, mtumishi wa umma aliye kwenye Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya huchangia asilimia 3 ya mshahara na mwajiri asilimia 3, jumla asilimia 6, na kadi inabeba mwanachama, mwenzi na wategemezi hadi jumla ya watu sita. Rwanda, kwenye bima ya watumishi inayosimamiwa na RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii ya nchi hiyo, mchango ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, nusu ya mfanyakazi na nusu ya mwajiri, kisha mgonjwa hulipa asilimia 15 ya gharama anapotibiwa. Ukitazama asilimia ya mfanyakazi peke yake, Mkenya anaonekana kukatwa kidogo kuliko wote. Lakini mwenzake wa Dodoma akitoa shilingi 3 mfukoni, nyingine 3 zinaingia kutoka kwa mwajiri. Mfuko uliojazwa na upande mmoja una uwezo wa upande mmoja, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa kabisa la sheria ya 2023. Ukipima kwa viwango vinavyolipwa hospitalini, pengo linaonekana wazi.

Na vipi kuhusu wanandoa? Mchango hutozwa kwa kila mshahara. Mume ameajiriwa, mke ameajiriwa, wote wawili wanakatwa 2.75, kila mmoja kwa mshahara wake. Nyumba yenye mishahara miwili ya 60,000 inatoa 3,300 kwa mwezi, sawa kabisa na nyumba yenye mshahara mmoja wa 120,000. Kwa jicho la asilimia hakuna aliyelipa mara mbili. Kama mmoja hana kazi, anaingia kama mtegemezi wa mwenzake pamoja na watoto bila nyongeza yoyote, lakini ni lazima awe ameorodheshwa. Makato huanza yenyewe. Kuandikisha wategemezi hakuanzi kwenyewe. Wapo wanaokatwa kila mwezi na bado mtoto anafika hospitalini jina lake halipo kwenye mtambo, kwa sababu mzazi alijisajili mwenyewe tu akaishia hapo.

Kadi ya kampuni si zawadi

Sasa tuje kwenye bima ya kibinafsi inayotolewa kazini, ambayo wafanyakazi wengi huiita ya bure.

Kwanza, wakati mwingine si ya bure hata kwa maana nyepesi. Waajiri wengi hulipa gharama ya mfanyakazi mwenyewe, kisha kwa mwenzi na watoto wanamtaka atoe sehemu. Wengine hugharamia familia nzima kwa kiwango cha chini, na anayetaka kikomo kikubwa zaidi anaongeza kutoka mshaharani. Makato ya aina hii hayatokani na sheria kama SHIF, hivyo hayawezi kuanza kwa amri ya mtu. Unapaswa kuwa umeyaomba kwa maandishi, na yaonekane peke yake kwenye hati ya mshahara. Ukiona mstari ulioandikwa tu "matibabu" na huna barua uliyowahi kutia sahihi, una haki ya kuuliza. Ukitoa pesa zako mwenyewe kwa bima ya afya yako, ya mwenzi wako au ya watoto, sheria ya kodi inakupa nafuu ya asilimia 15 ya malipo hayo, isiyozidi 5,000 kwa mwezi. Anayetoa 4,000 kila mwezi anastahili kupunguziwa kodi ya 600. Hakikisha afisa wa mishahara ameiweka, maana haijiweki.

Pili, hata mwajiri anapolipa yote, pesa hizo zimo kwenye hesabu yake ya gharama ya kukuajiri wewe. Hana sanduku moja la mishahara na jingine la ukarimu. Kenya ina mfano ulio wazi kuliko nadharia yoyote. Watumishi wa serikali mwaka 2012, na walimu mwaka 2015, walipata mipango yao ya bima kwa kuachia posho ya matibabu waliyokuwa wakilipwa kila mwezi. Posho hiyo ndiyo iliyokusanywa ikanunua bima. Mwalimu anaposema leo kwamba bima ni jasho lake, anasema jambo la kweli kihesabu, na ndiyo maana ana haki ya kuulizwa kabla haijahamishwa kutoka mkono huu kwenda mwingine.

Je, ingekuwa heri mwajiri akupe hizo pesa mkononi ujinunulie bima mwenyewe? Hapa kuna jambo ambalo wafanyakazi wengi hawalijui wanapoketi kujadili ajira mpya. Bima ya matibabu ambayo mwajiri anamlipia mfanyakazi wake wa muda wote haihesabiwi kuwa mapato ya kutozwa kodi. Posho ya matibabu inayolipwa kwa pesa taslimu inahesabiwa. Tuseme mwajiri ana 5,000 za ziada kwa mwezi kwa ajili yako. Akizilipa kwa shirika la bima, 5,000 zote zinanunua bima. Akikupa mkononi kama posho, zinaingia kwenye mshahara ghafi: SHIF inachukua 137.50, ada ya nyumba 75, na kinachobaki kinatozwa kodi ya asilimia 30 kama mshahara wako umefika huko. NSSF tukiiacha kando, unabakiwa na kama 3,350. Kisha unakwenda kununua bima peke yako, bila bei ya kikundi, na shirika linakuuliza umri wako na kama una kisukari.

Kwa hiyo posho ya matibabu ya 5,000 na bima ya 5,000 si vitu sawa. Mwenye familia na mwenye ugonjwa wa muda mrefu kwa kawaida anafaidika zaidi na bima. Kijana mzima asiye na mtegemezi anaweza kuona heri ile 3,350 mkononi, hadi siku bodaboda itakapomgonga.

Dirishani hospitalini

Sehemu ya tatu ya gharama haionekani kwenye hati yoyote hadi siku ya kuugua.

Bima ya kampuni ina vikomo. Kuna kikomo cha kulazwa, ambacho ni kikubwa, na kikomo cha wagonjwa wa nje, ambacho ni kidogo na ndicho huisha mapema, mara nyingi kabla mwaka haujafika nusu kwa nyumba yenye watoto wadogo. Uzazi, meno na macho kwa kawaida vina vikomo vyake vidogo ndani ya hivyo. Baadhi ya mikataba humtaka mgonjwa atoe kiasi fulani dirishani kila anapomwona daktari, na kiasi hicho hupanda katika hospitali za gharama kubwa. Mwajiri anayetaka kupunguza gharama bila kelele huanzia hapo: kadi ni ile ile, shirika ni lile lile, ila unatoa zaidi dirishani. Mabadiliko hayo huja wakati wa kuhuisha mkataba wa mwaka, katika waraka ambao watu hawausomi.

SHIF nayo ina bei zake. Kujifungua kwa kawaida inalipa 10,000, kwa upasuaji 30,000. Kusafishwa figo inalipa 10,650 kwa kila kipindi. Katika hospitali ya umma kiasi hicho kinaweza kumaliza bili. Katika hospitali ya kibinafsi kinaweza kuwa mwanzo tu.

Tuchukue mfanyakazi mwenye bima zote mbili, mke wake anajifungua kwa upasuaji. Tuseme bili ni 190,000, na kikomo cha uzazi kwenye bima ya kampuni ni 120,000. Mikataba mingi ya kibinafsi inasema SHA ilipe kwanza. Basi 30,000 za SHIF zinatoka, zinabaki 160,000. Bima ya kampuni inatoa 120,000. Zinabaki 40,000, na hizo ni zake. Sasa tuseme mwajiri wake alikata SHIF lakini hakuipeleka. Kwenye mtambo wa SHA anaonekana hajalipa, zile 30,000 hazitoki, na shirika la bima linasema kwamba sehemu ya SHA si mzigo wake. Deni linapanda hadi 70,000, kwa mtu ambaye hati zake za mshahara zinaonyesha amekatwa kila mwezi bila kukosa.

Hapo ndipo jibu la "nina bima ya kampuni, SHIF ya nini?" linapatikana. Kisheria huna hiari, kila mshahara unakatwa. Na kimatumizi, kadi ya kampuni nyingi imejengwa juu ya SHIF, ikitarajia kuikuta chini yake.

Kuna gharama moja ambayo haipaswi kutoka kwako kabisa, wala kwa SHIF, wala kwa kikomo cha kadi yako. Ukiumia kazini, iwe ni kidole kwenye mashine au kuanguka kwenye jengo, hiyo ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, inayojulikana kama WIBA. Mwajiri anatakiwa kuwa na bima ya majeraha hayo kwa gharama yake. Wafanyakazi wa viwandani na wa mjengo hupelekwa hospitalini wakaambiwa watoe kadi ya SHA, na mwajiri ananyamaza. Mwambieni tabibu aandike kwamba jeraha ni la kazini, na ajali iripotiwe siku hiyo hiyo.

Makato yaliyokatwa yakapotea

Mwajiri ana hadi tarehe 9 ya mwezi unaofuata kupeleka SHIF ya mwezi uliokwisha. Kukata pesa ya mfanyakazi na kutoipeleka ni kosa chini ya Sheria ya Ajira, na mimi siwezi kuliita ucheleweshaji. Mfanyakazi hujua wakati mbaya kuliko wote, akiwa amesimama mapokezi na mgonjwa kwenye kiti cha magurudumu.

Usingoje siku hiyo. Piga *147# au ingia kwenye tovuti ya Afya Yangu uone kama michango yako inaonekana. Fanya hivyo baada ya tarehe 9, si kabla, usije ukamlaumu mtu ambaye muda wake haujaisha. Kama haionekani, andika barua au baruapepe kwa ofisi ya wafanyakazi ukiambatisha hati ya mshahara, ili kuwe na tarehe. Mwajiri anawajibika kisheria kukupa hati ya mshahara yenye makato yaliyochambuliwa, na hati hizo ndizo ushahidi wako SHA, kwa afisa wa leba na mahakamani. Zihifadhi mahali pasipo kompyuta ya kazini, maana siku ya kufutwa ndiyo siku ya kufungiwa baruapepe.

Kabla ya kutia sahihi, na siku ya kuondoka

Ukipewa kazi mpya, usiulize tu kama kuna bima. Uliza kikomo cha wagonjwa wa nje ni cha mtu mmoja au cha familia nzima, kwa sababu 100,000 za mtu mmoja na 100,000 za watu watano ni mbingu na ardhi. Uliza wategemezi wanalipiwa na nani, na wazazi wako wanakubaliwa au la. Uliza uzazi na magonjwa uliyokuja nayo vinaanza kulipwa lini, kwa kuwa mikataba mingine huweka miezi ya kungoja. Uliza bima inaanza siku ya kwanza au baada ya kipindi cha majaribio. Na kama wanakupa posho ya matibabu badala yake, rudi kwenye hesabu ya 5,000 na 3,350 kabla hujafurahia.

Ukiondoka, mambo mawili yanatokea kwa kasi tofauti. Kadi ya kampuni kwa kawaida hufa siku ya mwisho ya ajira, hata kama kwenye kadi kumeandikwa tarehe ya mbele. Kama ulikuwa umelipia nyongeza ya mwaka mzima kutoka mshaharani, dai kujua miezi iliyobaki imekwenda wapi. Dawa za muda mrefu, miwani na vipimo ulivyokuwa ukiahirisha, vimalize kabla ya siku hiyo.

SHIF haifi, ila inabadilika sura. Usipokuwa na mshahara wa kukatwa, unahesabiwa pamoja na waliojiajiri: unajibu maswali kuhusu nyumba, maji, umeme na mali, na mtambo unakadiria asilimia 2.75 ya mapato ya kaya yako. Kiwango cha chini kinabaki 300 kwa mwezi, lakini hapa hutozwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo, yaani 3,600 kwa mara moja kwa wa chini kabisa. Asiye na kazi anatakiwa kutoa kwa siku moja kile alichokuwa akitoa kwa miezi kumi na miwili. Serikali imeweka mpango wa mkopo wa kulipa polepole kwa sababu hiyo, na anayeuhitaji auombe mapema. Kwa nyumba yenye mgonjwa anayesafishwa figo mara mbili kwa wiki, wiki moja bila SHIF ni 21,300, kwa hiyo fomu hiyo ya kaya ijazwe katika mwezi ule ule wa mshahara wa mwisho, kabla marupurupu ya kuondokea hayajapangiwa matumizi mengine.